Magadi, Ambako Utando wa Seli Huonekana kwa Macho

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Rongai na Kiserian, ubaridi wa milima ya Ngong hukusindikiza hadi Kona Baridi na hapo hukuaga. Kuanzia kona ile Bonde la Ufa linafunguka upande wa magharibi, na barabara inateremka ngazi kwa ngazi juu ya mawe ya volkeno, kila ngazi na joto lake, kila ngazi na miti yake. Miti mirefu inabaki juu, migunga inashika nafasi, kisha migunga yenyewe inadumaa hadi kimo cha mbuzi anayeitafuna. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi liko mita 600 hivi. Masikio yanaziba na kuzibuka. Dereva anapandisha vioo kwa sababu upepo unaoingia sasa ni wa moto kuliko hewa iliyomo ndani ya gari.

Tulipita Olorgesailie bila kusimama, na nilisikitika. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey, katika miaka ya 1940, walipokuta mashoka ya mawe kwa mamia yametapakaa juu ya ardhi, kazi ya mikono ya watu wa kale sana. Mahali pale panastahili siku yake. Mimi nilikuwa nafuata kitu kidogo zaidi ya shoka la mawe, kidogo mno.

Kila kilicho hai, kuanzia bakteria hadi tembo, kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando wa mafuta na protini unaotenga ya ndani na ya nje. Unene wa mafuta hayo ni nanometa 5 hivi: kufikia unene wa karatasi moja ya daftari ungelazimika kupanga tando 20,000, moja juu ya nyingine. Nimelifundisha somo hili darasani, na kila mara niliyaona macho ya wanafunzi yakizimika tulipofika kwenye mchoro: vichwa vya mviringo, mikia miwili miwili, protini zimechomekwa huku na kule. Mchoro ule ni sahihi. Unachokosa ni sababu ya mtoto kujali. Sababu hiyo iko Magadi, ambako kilichoko nje ya utando ni kikali kiasi kwamba huhitaji kumweleza mtu kwa nini kizuiwe.

Ziwa lilitokea baada ya kona ya mwisho, jeupe hadi macho yakauma. Lina eneo la kilomita za mraba 100 hivi, lakini usitafute mawimbi. Wakati wa ukavu sehemu kubwa yake ni ganda gumu la trona, madini ya kabonati ya sodiamu na bikabonati yaliyogandana pamoja na maji, na katika baadhi ya sehemu tabaka hilo linashuka hadi mita 40. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Ziwa linalishwa na chemchemi za moto zilizopo pembezoni, baadhi zikiwa na nyuzi joto 86, ambazo maji yake yamepita chini kwa chini katika mawe ya volkeno na kuyeyusha sodiamu njiani. Hakuna mto unaotoka pia. Jua huchukua maji na kuacha magadi, mwaka baada ya mwaka, tangu kabla ya kuwapo mtu wa kuyaonja. Haya ndiyo magadi yale yale yanayolainisha maharage makavu jikoni na kuchanganywa na tumbaku ya ugoro.

Mji uko juu ya ulimi wa nchi kavu katikati ya weupe huo. Unaufikia kwa tuta lililojengwa kukata ziwa, kiwanda kikiwa mbele yako. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, reli ikaletwa kutoka Konza, na tangu 2005 wenye mali ni Tata wa India. Mashine inayoelea inachimba trona, inaisaga, na kuisukuma kwa bomba hadi kiwandani, ambako huoshwa na kuchomwa ikawa unga wa kutengenezea vioo na sabuni za kufulia. Nitairudia sabuni.

Kijana wa Kimaasai aliyenipokea mjini alikuwa na fimbo, shuka jekundu na simu mbili. Tulisalimiana, "Supa," "Ipa," na nilipomwambia kazi niliyoifanya kabla ya uandishi, akaniita Mwalimu hadi tulipoagana. Alinipeleka kwanza ukingoni, mahali ambapo ganda linachukua uzito wa mtu. Linapasuka chini ya soli kwa sauti kavu. Kwenye nyufa kuna maji mazito, yanateleza kati ya vidole kama vile yana povu lisiloonekana. Nilichovya kipande cha karatasi ya kupimia pH. Kikageuka samawati iliyokolea papo hapo. Maji ya Magadi hufika pH 10 na zaidi, na yanapokolea wakati wa ukame lita moja huweza kubeba zaidi ya gramu 250 za chumvi. Lita ya maji ya bahari hubeba gramu 35.

Na yalikuwa mekundu. Kutoka barabarani niliona rangi ya waridi imetambaa juu ya weupe, mistari kwa mistari. Karibu, ndani ya nyufa, ilikuwa imekolea hadi kufanana na maji yaliyooshewa biringanya na damu kidogo. "Hiyo ndiyo rangi ya ziwa," kijana akasema, "mvua zikikosekana kwa muda mrefu inazidi." Alikuwa ameeleza sawasawa. Mvua ikikosekana chumvi inakolea, na chumvi ikikolea ndipo wenye rangi hiyo wanapostawi.

Wenye rangi ni arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini walio ukoo mwingine kabisa katika mti wa uhai. Mwaka 1984 B. J. Tindall, H. N. M. Ross na W. D. Grant walielezea kwa mara ya kwanza jamii za viumbe hawa wapendao chumvi na alikali kwa pamoja, wakazipa majina Natronobacterium na Natronococcus, na moja ya spishi zao ikabeba jina la ziwa hili: magadii. Wekundu wao unatokana na bakterioruberini, ndugu wa kemikali inayoipa karoti rangi. Ni molekuli ndefu ya kaboni 50, na makao yake ni ndani ya utando. Inaupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, ncha zake zinazopenda maji zikiwa zimeshika nyuso zote mbili, na hivyo inaukaza utando na kuukinga na madhara ya jua kali la Bonde la Ufa.

Nilikaa pale nikiangalia kwa muda mrefu kuliko kijana alivyotarajia. Kila tone la maji yale lilikuwa na seli kwa mamilioni, na rangi niliyoiona ilikuwa ndani ya tando zao. Darasani tunasema utando hauonekani isipokuwa kwa hadubini ya elektroni. Utando mmoja hauonekani, ni kweli. Lakini zikikusanyika tando za kutosha, zenye rangi ya kutosha, zinaonekana kutoka barabarani, na hata kutoka kwenye satelaiti. Sijui mahali pengine katika Kenya ambapo ningeweza kumwonyesha mtoto kwa kidole na kumwambia: hiyo, pale, ndiyo sehemu ya seli uliyoichora jana.

Sasa sabuni. Yeyote aliyeona sabuni ikitengenezwa nyumbani anajua kanuni yake: chukua mafuta, tia alikali, pasha moto, koroga. Mafuta yanakatika kutoka kwenye gliseroli na kuwa sabuni. Kinachokatwa ni kiungo cha kemia kiitwacho esta, na alikali ndiyo kisu chake. Tazama basi Magadi: alikali ipo kwa mamilioni ya tani, moto upo, na utando wa seli ni mafuta. Kwa nini ziwa zima halijageuza kila kilichomo kuwa povu?

Inafaa kurudi nyuma kidogo kuona utando ni mafuta ya namna gani. Mwaka 1925, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua chembe nyekundu za damu ya binadamu na za wanyama kadhaa, mbuzi akiwemo. Wakatoa mafuta yote ya tando zake, wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka la molekuli moja, wakapima eneo. Lilikuwa mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Maana yake ilikuwa wazi: kila chembe imefunikwa kwa tabaka mbili za mafuta, zimelaliana mikia kwa mikia. Vipimo vyao vilikuwa na upungufu huku na huku, na kwa bahati upungufu mmoja ulifuta mwingine. Jibu likabaki kuwa kweli. Molekuli hizo huitwa fosfolipidi. Kichwa chake hupenda maji, mikia yake miwili huyakimbia, na ukizimwaga majini zinajipanga zenyewe, vichwa nje, mikia ndani, bila amri ya mtu. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walikamilisha picha tunayoitumia hadi leo: tabaka hilo ni laini, linatiririka, na protini zinaelea ndani yake.

Katika fosfolipidi zetu, na za mbuzi, na za bakteria wa kawaida, mikia imefungwa kwenye gliseroli kwa esta. Hicho hicho ambacho alikali hukikata. Arkea wa Magadi wamefunga mikia yao kwa kiungo kingine, etha, ambacho alikali haikiwezi. Mikia yenyewe si mafuta ya kawaida: ni minyororo yenye matawi madogo ubavuni, kaboni 20 kwa mkia, na kwa viumbe hawa wa magadi mkia mmoja mara nyingi hurefuka hadi 25. Utando wa namna hiyo haugeuki sabuni hata ukichemshwa ndani ya soda. Arkea hawakulibuni jambo hili kwa ajili ya Magadi. Ukoo wao wote una etha, hata walioko kwenye maji matamu. Ila hapa urithi huo umekuwa na faida kubwa mno.

Haimaanishi kwamba wenye esta hawawezi kuishi Magadi. Wapo bakteria tele, na wapo wakubwa zaidi, nitakaofika kwao. Esta zao zimefichika chini ya vichwa vya fosfolipidi, alikali ya ziwa hata hivyo ni dhaifu kuliko soda ya mtengeneza sabuni, na seli haiachi kukarabati: kinachoharibika kinaondolewa na kipya kinatiwa. Lakini ukarabati hulipiwa kwa chakula, kila saa, maisha yote. Nilipokuwa nikimweleza kijana haya alitikisa kichwa, akasema boma nalo ni hivyo, usipolikandika ukuta kila baada ya mvua huna nyumba.

Kuzuia kuyeyuka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni chumvi. Maji hupenya utando kuelekea penye chumvi nyingi, na seli yenye chumvi kidogo ikitiwa Magadi ingenyauka mara moja. Arkea hawa wamejaza ndani yao potasiamu kwa wingi unaolingana na sodiamu iliyoko nje, ili maji yasiwe na sababu ya kuondoka. Hiyo ina maana kwamba kila protini ndani ya seli imebadilika ili ifanye kazi katika chumvi ambayo ingeziharibu protini zetu. Ina maana pia kwamba utandoni kuna pampu zisizopumzika, zinazotoa sodiamu nje na kuleta ioni za haidrojeni ndani, ili ndani pasiwe na ukali wa nje. Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza mwaka 1961 kwamba seli hutunza nishati kwa kuacha tofauti ya ioni kati ya pande mbili za utando, kisha kuitumia tofauti hiyo kama nguvu ya kazi. Walimcheka, kisha mwaka 1978 wakampa Nobel. Katika ziwa la alikali tofauti ya haidrojeni imegeuka kinyume, nje ni chache kuliko ndani, hivyo viumbe wengi hapa hutegemea sodiamu. Ziwa linalowatishia ndilo pia linalowalisha nguvu.

Baadhi ya arkea wa maziwa ya magadi ya Misri na Kenya, Natronomonas pharaonis kwa jina, wana utandoni protini inayopokea mwanga wa jua na kuingiza kloraidi ndani ya seli. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba protini hiyo ikitiwa katika seli ya neva ya panya, taa ikiwashwa seli hiyo inanyamaza. Leo ni chombo cha kawaida katika maabara za ubongo duniani. Ningependa kila mwanafunzi wa Kajiado, kaunti ya ziwa hili, ajue hilo.

Chemchemi za kusini ziko mbali na mji, kwa njia ya vumbi inayozunguka ziwa. Akina mama walikuwa wametandika shanga kivulini, na wazee wawili walikuwa wamekaa ndani ya maji moto hadi shingoni, wakitibu magoti. Kijana hakunipeleka pale. Alinipeleka mbele zaidi, penye dimbwi safi lenye mawe yaliyoota ukungu wa kijani, akaninyooshea fimbo: "Hao, Mwalimu."

Samaki. Wadogo, wengi wasiofika urefu wa kidole cha shahada, madume wakiwa na mng'ao wa samawati, wamekusanyika kwa mamia wakikwangua mawe. Kipimajoto changu, pale walipokuwa wamesongamana, kilisoma nyuzi 38. Hatua chache kuelekea jicho la chemchemi maji yalikuwa ya kuunguza, na samaki walikuwa wakiingia mpakani hapo na kurudi haraka. Huyu ni perege wa Magadi, Alcolapia grahami, aliyeelezwa na George Boulenger mwaka 1912. Anaishi katika pH ya 10 na katika joto linalokaribia nyuzi 43, na ni miongoni mwa samaki wanaochoma chakula kwa kasi kubwa kuliko wote waliowahi kupimwa, kasi inayokaribia ya mnyama mwenye damu moto.

Utando wa samaki ni wa esta, kama wetu. Joto huulegeza utando, na wanyama wa joto huongeza mafuta mazito mfano wa yale ya samli ili usilegee kupita kiasi. Lakini tatizo kubwa la perege huyu ni choo chake. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa naitrojeni kama amonia, kupitia matamvua. Amonia ni gesi nyepesi inayopenya mafuta ya utando bila msaada. Ikifika nje hushika ioni ya haidrojeni kutoka kwenye maji na kuwa amonium, yenye chaji, ambayo haiwezi kuupenya utando kurudi. Kwa hiyo mkondo unakwenda upande mmoja tu, na samaki anasafika bila gharama. Magadi haina haidrojeni ya kugawa. Amonia ikitoka inabaki amonia, na inaweza kurudi ilikotoka. Tilapia wa Naivasha ukimtia humu angekufa kwa sumu yake mwenyewe.

Mwaka 1989 kundi la wanasayansi, David Randall na Geoffrey Maloiy wa Nairobi wakiwemo, walitangaza katika jarida la Nature jinsi perege wa Magadi anavyookoka. Hatoi amonia. Anatoa urea, ile ile iliyomo katika mkojo wetu na katika mifuko ya mbolea ya mkulima. Kuitengeneza kunakula nishati nyingi, ndiyo maana samaki karibu wote wenye mifupa huikwepa. Tena urea haipendi mafuta. Haiupenyi utando kirahisi. Matamvua ya samaki huyu yana protini maalumu utandoni ya kuipitisha. Nilipiga magoti juu ya mawe nikiwatazama wakipumua. Kila mara matamvua yalipofunguka, maji ambayo yangeua samaki wa mito yetu yaligusa utando mwembamba, na utando ule ulikuwa ukichagua: oksijeni ndani, urea nje, sodiamu nje kwa nguvu, amonia isiwepo kabisa. Usiku, mwani ukiacha kutoa oksijeni na maji kuishiwa, samaki hawa hupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo.

Kichwa changu kilianza kugonga saa nane mchana. Kijana alinitazama, akanikalisha chini ya mgunga wenye kivuli cha kubahatisha, akanipa chupa. Ndani yake alikuwa ametia sukari na chumvi kidogo. Nilikunywa nikijua kinachoendelea. Mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba utando wa seli za utumbo una protini inayoshika sukari na sodiamu kwa pamoja na kuziingiza kwa mkupuo mmoja, na maji hufuata. Maji matupu yangenikata kiu polepole zaidi. Kutokana na elimu hiyo dunia ilipata ile dawa ya maji, chumvi na sukari inayowaokoa watoto wenye kuhara na wagonjwa wa kipindupindu, na nadhani hakuna ujuzi kuhusu utando uliozuia misiba mingi kuliko huo. Kijana aliujua mchanganyiko kutoka kwa mama yake, aliyeujua kutoka zahanati.

Heroe walikuwapo upande wa pili, mstari mwembamba wa waridi. Hawakunivuta kama nilivyotazamia, labda kwa sababu ya kichwa. Rangi yao inatokana na chakula wanachochuja majini, na sehemu kubwa ya rangi hiyo imehifadhiwa, hata humo, katika tando za ndani za vijidudu vya kijani wanavyovila. Makazi yao ya kuzalia ni Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mwaka 1962 walilazimika kuzalia hapa, na magadi yakaganda kwenye miguu ya makinda kama pingu. Watu waliingia ziwani wakazivunja pingu hizo na kuyaokoa makinda kwa maelfu.

Tulirudi mjini jioni, kiwanda kikitoa vumbi lake jeupe. Nilikuwa na neno moja la kusema kwa wenye shule, na ninalisema hapa: Nairobi iko umbali wa asubuhi moja. Watoto wanapelekwa kwa mabasi kuwaona simba wa mbugani, na ni vema. Basi moja la wanafunzi likishushwa kwenye ukingo wa Magadi, kila mtoto na kipande cha karatasi ya pH mkononi, mchoro wa utando hautasahaulika tena.

Njiani kijana alikuwa kimya, kisha akauliza: "Hawa samaki, Mwalimu, wakitiwa maji ya mto, wataacha hiyo urea?"

Swali hilo lilikwisha kujaribiwa. Watafiti waliwaweka katika maji yasiyo na alikali, pH 7, na samaki wakaendelea kutoa urea vile vile. Si jambo wanaloweza kuliacha wakiamua. Nikamwambia pia kwamba walishahamishwa kweli. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walichukuliwa kutoka Magadi wakapandikizwa Ziwa Nakuru, ambalo nalo ni la magadi, ili wale viluwiluwi wa mbu. Walizaana kupita matarajio. Kabla yao Nakuru haikuwa na samaki. Baada yao wakaja mwari kwa maelfu, wakawa sehemu ya sifa ya hifadhi ile.

"Kwa hiyo wale mwari wanaopigwa picha Nakuru," akasema, "wanakula samaki wa hapa?"

"Wa hapa."

Akageuka kulitazama ziwa. "Basi waandike pale langoni," akasema. "Waandike wametoka Magadi."

Nami naona waandike.